Talaka ya meseji, barua iliyokataliwa na watoto wawili waliobaki Pangani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tanga

Hiki kisa nakiandika kwa ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Majina nimeyaondoa, umri wa watoto nimeusogeza kidogo na mtaa siutaji, maana Tanga mjini ni padogo, ukisema tu barabara ya ngapi Ngamiani watu washamjua mpaka rangi ya mlango wake. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, kazi yangu ni kumwelekeza mtu, kumsaidia kuandika maombi na kumsindikiza mahakamani asiogope. Maswali aliyokuja nayo huyu mama nayasikia kila wiki, na humu ndani kuna kosa ambalo ni langu mimi, nitalifikia.

Hali ilivyokuwa

Tuwaite Mama Z na Baba Z. Ndoa ya kiislamu, cheti cha ndoa kipo, miaka kumi na mbili pamoja. Mume dereva wa lori, anapeleka mzigo Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, yupo nyumbani siku nne tano halafu haonekani wiki nzima. Mke anaamka saa kumi usiku kupika vitumbua, anauza mlangoni kwake, na yuko kwenye kikoba cha kina mama wa mtaani. Watoto watatu, Z binti wa miaka 11, mdogo wake wa kiume miaka 8, na kitinda mimba miaka 4.

Wamejenga pembeni ya mji, vyumba vitatu, viwili vimepigwa plasta kimoja bado. Kiwanja kilinunuliwa ndani ya ndoa ila karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri serikali ya mtaa ina jina la mume peke yake.

Ugomvi wenyewe siuingii sana. Kulikuwa na mwanamke mwingine upande wa pili wa mpaka, hela ya nyumbani ikawa inapungua, maneno yakawa mengi, ndo hivo.

Likizo ya Desemba

Shule zilipofungwa Baba Z akawachukua wakubwa wawili wakamsalimie bibi yao Pangani. Kawaida tu, kila mwaka wanaenda. Januari shule zikafunguliwa, watoto kimya. Mama Z akipiga anaambiwa watakuja wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka siku moja usiku ikaingia meseji ya WhatsApp, nimeiona kwa macho yangu: "Nimekuacha talaka tatu. Wakubwa wanabaki kwa mama. Huyo mdogo kaa nae akifika miaka saba nitamfuata."

Asubuhi yake wifi yake akatokea na mifuko miwili ya salfeti kumsaidia kufungasha. Akafungasha. Akaenda kwa mama yake Makorora, hapahapa Tanga mjini, na yule wa miaka 4 mgongoni. Hapa nisimame kidogo kwasababu wengi wanafanya hivi, mwanamke aliyeachwa ana eda yake, na kwa dini yenyewe anakaa eda ndani ya nyumba ya mume, hafukuzwi na wifi na mifuko. Na kwa sheria nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Ukishatoka inakuwa rahisi mtu kuleta dalali mchana kweupe, na kweli mwezi wa tatu dalali aliletwa. Tuliwahi kwasababu jirani alimpigia simu, tukapeleka barua serikali ya mtaa na nakala kwa mtendaji kwamba nyumba ina mgogoro wa ndoa, na mauziano yakakwama pale.

Alivyokuja kwangu

Alikuja mwisho wa Januari na maswali matatu. Nayakumbuka kwa mpangilio wake kwasababu niliyaandika hivyohivyo kwenye daftari: watoto wangu nawapataje, hii talaka ya simu ni talaka, na nyumba nina haki gani.

Aliuliza la watoto kwanza. Mimi nikaanza kumjibu la talaka.

Nilimwambia kidini masheikh watasema yao, kuna wanaohesabu talaka tatu za mkupuo ni tatu na kuna wanaohesabu moja, mimi siingii huko, ila kiserikali ndoa inavunjwa na mahakama. Meseji peke yake haivunji kitu. Sheria ya Ndoa imeweka njia fupi kwa ndoa za kiislamu, kifungu cha 107(3), inasema wanandoa wakipita baraza la usuluhishi, baraza likatoa cheti kwamba limeshindwa, kisha BAADA ya cheti mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa dini linavunja ndoa, mahakama inatamka ndoa imevunjika na kutoa talaka. Baraza kwanza, cheti, halafu talaka. Pwani yetu yote hii watu wanaanzia mwisho.

Basi nikamwambia tumalize talaka kwanza, mahakama ikiivunja ndoa itatoa na amri ya watoto humohumo. Sio uongo, ni kweli inatoa. Ila ndo ushauri uliomgharimu Z mwaka wa shule.

Barua ya nusu saa

Mashauri ya talaka mahakama zote kuanzia ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu zinayasikiliza, kwahiyo hatukuwa na haja ya kwenda mbali. Kilichotakiwa ni cheti cha baraza, ile Fomu Namba 3. Mabaraza yako kwenye kata, na wenye ndoa za kiislamu wanaweza kwenda kwenye baraza la Bakwata, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, linatambulika.

Mama Z akaenda kwenye baraza moja la dini, silitaji, mzee mwenyewe ni mtu mzima mwenye heshima zake na aliona anamsaidia mtu anayelia mbele yake. Ndani ya nusu saa akamwandikia barua, kichwa kizuri, mhuri wa bluu: tumeshindwa kuwasuluhisha. Mimi nikaiona, nikaona mhuri, nikafurahi. Februari tukafungua shauri.

Aprili hakimu anaishika ile barua anamuuliza Mama Z swali moja tu, "Mume aliitwa lini barazani?"

Kimya. Hakuitwa. Hakuna aliyempigia hata simu.

Shauri likaondolewa siku ileile, tukaambiwa turudi tukaanze upya na baraza. Na hakimu alikuwa sahihi kabisa, baraza linatakiwa limwite kila mmoja na kila mmoja apewe nafasi ya kusikilizwa, vinginevyo limeshindwa kusuluhisha nini? Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyofika mpaka juu kabisa, miaka imekwenda, kwa kasoro ya cheti hikihiki, kwahiyo bora yetu ilianguka mapema.

Katikati ya hapo, Machi, kabla shauri halijaondolewa, Mama Z alifanya jambo ambalo nilikuwa nimemkataza. Alipanda na kaka zake wawili wakaenda Pangani alfajiri kuwachukua watoto kwa nguvu. Majirani wakajaa, mtoto wa kiume akajificha chini ya kitanda, wakarudi mikono mitupu. Lile tukio lilitajwa baadae mahakamani na lilimpa Baba Z dakika zake tano za kuonekana yeye ndo mwenye busara.

Baraza la pili

Mei tukaenda baraza la kata. Safari hii nilikaa na katibu nikaona kila kitu kinaandikwa, samansi ya kwanza imepokelewa na nani, tarehe gani. Hakuja. Ya pili hakuja. Na nilishamwambia Mama Z usihofu, mtu akiitwa akakataa kwa makusudi sheria haimruhusu akuzuie njia, kifungu cha 101 kinaorodhesha hali ambazo unaweza kwenda mahakamani hata bila cheti na hiyo ni mojawapo. Ila ya tatu akaja, kanzu imepigwa pasi, na rafiki zake wawili. Akasema mimi huyu nishamuacha, hapa mnanisuluhisha na nani?

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mtaratibu sana, akamwambia, "Baba, tunaandika hivohivo ulivyosema, uweke sahihi." Akaweka. Julai cheti kikatoka. Cheti kinatakiwa kisizidi miezi sita mpaka siku unayofungua shauri, nimeshaona watu wamekiweka kabatini mwaka mzima kisha wanashangaa kinakataliwa.

Ustawi wa jamii na chumba cha hakimu

Agosti tukafungua upya, na hapa ndo tukafanya kile ambacho tulitakiwa kukifanya Januari: tukaomba amri ya muda ya watoto kabla ya kusikiliza talaka. Hakimu akaagiza afisa ustawi wa jamii akaangalie nyumba zote mbili, ya Makorora na ya Pangani, alete ripoti.

Ripoti haikumchafua mtu. Bibi anawapenda wajukuu, nyumba safi, chakula kipo. Ila Z hakuwa shule tangu Januari, anamuuguza bibi miguu, anachota maji, anapika. Yule wa kiume anaingia darasani lakini hana uhamisho, kwahiyo kwenye rejesta hayupo, anakaa tu. Na baba mwenyewe ndani ya miezi nane alilala pale mara mbili.

Siku ya maombi hakimu alimwita Z chumbani kwake, yeye na afisa ustawi tu, sisi wote nje kwenye benchi, wazazi mmoja huku mmoja kule. Bibi alikuwa amekuja pia. Akasogea akamwambia Mama Z kwa sauti ya chini, "Mwanangu mimi sikujua kama ni kesi, niliambiwa wanakuja likizo." Mama Z akamsogezea kiti. Nilikuwa nimewaandaa kwa kila kitu siku ile isipokuwa hicho.

Alichosema Z tulikuja kukijua uamuzi uliposomwa. Alisema anataka kurudi darasani kwake, na aliomba bibi asiachwe peke yake. Septemba watoto wakarudi Tanga kwa amri ya muda.

Hukumu

Novemba. Ndoa ikavunjwa, sio kwa ile meseji, hakimu alisema wazi meseji ilitangulia cheti kwahiyo njia ya 107(3) haikutimia, alitazama ushahidi wote, mume kutotoa matunzo, kumwacha mke, wote wawili kusema hawarudiani, akaona imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Watoto wote watatu kwa mama. Baba anawachukua mwisho wa wiki akiwa Tanga, na nusu ya kila likizo wanakaa Pangani kwa bibi. Hiyo ya bibi ilitoka kwenye maneno ya Z.

Matunzo shilingi 180,000 kwa mwezi kwa njia ya simu, isiwe mkononi, na sare, daftari na matibabu kwa risiti. Mama Z aliomba 400,000, Baba Z alitaka kutoa 50,000 akasema mshahara wake ni 250,000. Alisahau posho za safari. Kilichomsuta ni simu, tulitoa orodha ya miamala ya miaka miwili nyuma, kuna miezi alituma laki tatu, laki tatu na nusu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana, na kwenye kupanga kiasi mahakama inaangalia kipato cha wazazi WOTE wawili, kwahiyo na vitumbua vilihesabiwa. Kuna mzee nje ya mahakama alisema zamani ilikuwa shilingi mia. Ni kweli ilikuwepo sheria ya hivyo, shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa, imefutwa na hiihii ya 2009.

Nyumba ithaminiwe, mke asilimia 40, mume amlipe au iuzwe wagawane. Baba Z alisema atakata rufaa. Hakukata.

Hili la miaka saba

Nalipa nafasi kubwa kwasababu naona linaumiza watu kuliko mengine yote. Rudi kwenye ile meseji, "akifika miaka saba nitamfuata." Baba Z hakuwa anatania, aliamini hiyo ndo sheria, na Mama Z nae aliamini hivohivo, ndo maana miezi miwili ya kwanza alilia kwa wale wakubwa kama mtu aliyefiwa, aliona Z ana 11 na mdogo wake ana 8 basi washapita, ni wa baba, labda apewe kwa huruma.

Hakuna sheria hiyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto, baada ya hapo mahakama inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamruhusu kutoa maoni yake huru, na mila za jamii yao. Halafu kuna dhana kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, na hata hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, mama akiwa mlevi wa kutupwa au mtoto anateswa haimlindi. Basi, imeishia hapo. Haisemi popote kwamba akifika saba anahamia kwa baba kama mzigo uliofika bandarini. Akifika saba ile dhana inaondoka tu, mnabaki na ustawi wake, na sauti yake inaanza kuwa na uzito.

Na wanaosema "ni dini" niwakumbushe, sisi wengi huku pwani ni wa madhehebu ya Shafii, na kwenye Shafii mtoto akifika umri wa kupambanua, karibu hiyohiyo saba, anachaguzishwa kati ya baba na mama. Anachaguzishwa! Kwahiyo sijui hii ya kumbeba ilitoka wapi.

Tulipokosea, na kilichotuokoa

Kosa langu: watoto hawasubiri talaka. Maombi ya malezi na matunzo unaweza kuyapeleka peke yake Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto, bila cheti cha baraza, bila kuomba talaka, hata kama ndoa bado ipo na hata kama hamkufunga ndoa kabisa. Cheti ni cha talaka. Ningefungua yale maombi mwishoni mwa Januari na kuomba amri ya muda, naamini ustawi wangefika Pangani muhula wa kwanza haujaisha. Badala yake watoto walikaa kule wakisubiri mzee wa baraza, mhuri, na mabishano ya asilimia za nyumba. Nilifikiri kwa mpangilio wa faili, sikufikiri kwa mpangilio wa aliyekuja kwangu, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa sahihi.

La Pangani alfajiri, nilimlaumu sana wakati ule, sasa lawama zangu zimepungua. Mtu unayemwambia subiri miezi na miezi atajitafutia njia. Ila kisheria lilikuwa baya, na kama kaka mtu mmoja angempiga mtu tungekuwa na kesi ya jinai juu ya hii.

Upande wa nyumba kilichomwokoa ni daftari la kikoba. Jina lake halikuwa kwenye mauziano lakini mkopo wa 900,000 wa bati ulikuwa umeandikwa, tarehe, sahihi, na mwenyekiti wa kikoba alikuja kusimama. Kazi za nyumbani nazo zinahesabika kama mchango, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kwenye Mahakama ya Rufani. Ila wanaoitaja hiyo kesi husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwasababu mume alishampa hela za mradi wa familia akazitumia vingine. Mchango wa jikoni unatambuliwa, ndiyo, lakini hakimu anaukadiria kwa kuangalia mambo mengi, ila daftari lililoandikwa bati halihitaji mtu akadirie.

Na orodha ya miamala ya simu. Ile ilifanya kazi kuliko maneno ya mashahidi wote.

Hali ilivyo sasa

Z amerudia darasa. Mdogo wake amepata nafasi yake kwenye rejesta. Nyumba imethaminiwa, mume amelipa awamu mbili kati ya nne walizokubaliana mbele ya hakimu, na plasta ya chumba cha tatu ameshaipiga.

Matunzo yaliingia miezi mitano mfululizo, wa sita ikaja nusu, wa saba haikuja. Mama Z hakunipigia kulia, alikuja na karatasi ya miamala tayari imechapishwa, miezi miwili kaizungushia wino mwekundu, akaniuliza maombi ya kukazia amri yanaandikwaje. Tumeyapeleka Jumatatu.